Kenya Law, tovuti ya hukumu za bure: nimeitumia sana kwa kesi za ajali, haya ndio maoni yangu

Wadau, nimekuwa nikiulizwa sana hapa steji na kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu hii tovuti ya Kenya Law, kwa hivyo wacha niandike mara moja nisiwe narudia rudia. Mimi ni katibu wa chama cha bodaboda huku Kisauni, Mombasa, na kazi za katibu ni nyingi lakini ile inayonila muda zaidi ni mambo ya ajali, manake barabara ya kwenda Malindi mnaijua, matatu, trela, tuktuk, probox, na sisi katikati yao. Mtu akigongwa anapelekwa hospitali, akitoka hospitali familia inakuja kwangu, haya katibu sasa tunafanyaje. Na hapo ndipo nilipoanza kuingia kwenye hii tovuti.

Alama zangu ni nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya lugha, nitafika huko.

Kwa asiyejua, Kenya Law ni shirika la serikali lililoundwa kwa sheria ya 1994, kazi yake ni kuchapisha hukumu za mahakama na sheria za nchi, na ukiingia kenyalaw.org unasoma bila kulipa hata ndururu. Hukumu za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu, ziko pale kwa maelfu, unaisoma hapo hapo kwa simu au unaipakua uisome baadaye bando likiisha. Sheria zenyewe pia ziko, kwa hivyo mtu akikwambia sheria inasema hivi na hivi unaweza kwenda ukaangalia kama kweli inasema.

Sasa mtu wa bodaboda ana kazi gani na hukumu za Mahakama Kuu? Ana kazi kubwa sana. Huku kwetu kuumia hakuna bei iliyopangwa kwenye karatasi kwamba mguu ni hivi na mkono ni hivi. Bunge lilijaribu kuleta jedwali la aina hiyo 2013 kwa kuibadilisha ile sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, na Mahakama Kuu ikalikataa 2016. Kwa hivyo anachofanya hakimu ni kuangalia kesi zilizopita za watu walioumia karibu sawa na wewe, anaona walipewa ngapi, anaangalia ni miaka mingapi imepita na shilingi imeshuka kiasi gani, halafu anakupimia yako. Mawakili wa pande zote mbili wanajua hivyo, kampuni ya bima inajua hivyo kushinda hata mawakili, mtu pekee asiyejua ni yule mwenye mguu uliovunjika. Ni kama kupeleka maembe soko la Kongowea bila kujua bei ya siku hiyo, yeyote atakayekutajia pesa ya kwanza utamwamini.

Wacha niwape mfano. Kuna kijana wetu aligongwa na gari la kampuni moja, mifupa miwili ya chini ya goti ikavunjika, akawekewa chuma. Hajatoka hata kliniki ya mwisho akaja jamaa wa bima na laki moja na nusu na karatasi ya kutia sahihi, ile wanaita vocha ya dischaji, ambayo ukishatia sahihi basi kesi imekufa hapo, huwezi kurudi tena. Mama yake alikuwa anataka achukue, na simlaumu, nyumba ilikuwa haina kitu. Tukakaa na yeye pale kibandani na simu yangu, nikaandika tibia, fibula, na neno la fidia kwa Kiingereza, nikachuja Mahakama Kuu pekee, miaka ya karibuni pekee, tukaanza kusoma moja moja. Zile zilizofanana na mguu wake nyingi zilikuwa kati ya laki 3 na laki 7 hivi, kabla ya kukata asilimia ya kosa lake mwenyewe kwenye ajali. Tukaziandika majina na namba kwenye karatasi, tukampelekea wakili, wakili akaziweka kwenye barua yake, na mazungumzo na bima yakawa mengine kabisa. Hawakumpa kila kitu alichotaka lakini ile laki moja na nusu hatukuisikia tena.

Jinsi ya kusoma hukumu yenyewe, manake mtu akiiona kwanza anaogopa, ndefu, aya zina namba mpaka 40, Kilatini kimewekwa katikati. Usiisome yote. Nyingi za kesi za ajali unazozikuta pale ni za rufaa, yaani hakimu wa chini alishaamua halafu upande mmoja haukuridhika, na zina mpangilio unaofanana. Mwanzoni utaona ajali ilitokea wapi na mtu aliumia wapi na wapi. Halafu inakuja ya madaktari, na hapa soma kwa makini, mara nyingi wako wawili, mmoja wa aliyeumia na mmoja aliyetumwa na bima, huyu anasema ulemavu wa kudumu ni asilimia 15 mwenzake anasema 5, na utaona jaji anaamua amfuate nani na kwa nini. Halafu unaona kila wakili ametaja kesi gani na anataka ngapi, hiyo sehemu ni dhahabu, ndani ya hukumu moja unapata majina ya kesi nyingine tano sita za majeraha kama yako. Halafu ukurasa wa mwisho ndio kuna pesa.

Ukisoma kadhaa utagundua kuna kesi ambazo majaji wanazitaja kila siku. Ile ya Kemfro ya miaka ya 1980 utaikuta karibu kila rufaa. Inasema mahakama ya rufaa haigusi pesa uliyopewa eti kwa sababu tu jaji angekuwa yeye angetoa tofauti, ni mpaka ionekane hakimu alifuata kanuni isiyofaa, au alitia jambo lisilohusika au akaacha linalohusika, au kiasi ni kidogo mno au kikubwa mno mpaka hakiwezi kuwa hesabu ya kweli. Hii ni muhimu kuijua kwa pande zote. Ukipewa pesa nzuri na bima ikakutishia rufaa, usitetemeke mara moja, na wewe pia ukipewa kidogo usikimbilie rufaa kwa hasira tu.

Kuhusu nani alaumiwe, huku ndiko watu wetu wanapoteza pesa bila kujua. Mahakama haisemi tu huyu ana makosa huyu hana, inagawa, 80 kwa 20, 70 kwa 30, na ile asilimia yako inakatwa kwenye fidia. Kuna hukumu kadhaa ambazo abiria wa pikipiki amekatwa kwa sababu hakuvaa helmeti, kwa hivyo nyinyi mnaowabeba wateja bila helmeti mjue mnawakatia pesa zao kabla hata hawajaanguka. Na kuna ile ya Lento Agencies ya 2006, Mahakama ya Rufaa, magari mawili yamegongana kila mmoja anamlaumu mwenzake na hakuna ushahidi wa kuonyesha nani mkweli, mahakama ikasema wote wawili sawa kwa sawa. Ndio maana nawasisitizia mtu akianguka msikusanyike tu kupiga video za kutuma, tafuteni shahidi aliyeona kwa macho, chukueni jina na namba yake ya simu, yule wa kuuza mahamri pale kando ya barabara anaweza kuwa na thamani kuliko ripoti ya polisi.

Ripoti ya polisi nayo, ile abstrakti. Mara nyingi inaandikwa kesi bado inachunguzwa na inabaki hivyo miaka. Watu wanakata tamaa wanafikiri bila dereva kushtakiwa hakuna kesi ya fidia. Zisome hukumu, majaji wamesema mara nyingi kwamba dereva kutoshtakiwa hakumaanishi hana makosa kwenye kesi ya madai. Kwenye kesi ya East African Sea Food ya 2013 Mahakama ya Rufaa ilieleza pia kwamba abstrakti inayotaja mwenye gari ikishatolewa kama ushahidi na mwenyewe hakuipinga, hawezi kuja kuikana baadaye. Njia bora bado ni kupata rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lakini mkononi ukiwa na abstrakti tu hujafika mwisho wa dunia.

Sasa kuna hukumu moja nataka kila mtu wa kazi zetu aijue, na sina aibu kusema ilinigusa sana nilipoisoma. Ni ya Mahakama ya Rufaa, 2005, marehemu alikuwa fundi seremala. Upande wa pili ukawa unasema hakuna cheti cha useremala, hakuna karatasi ya mshahara, kwa hivyo hakuna kipato kilichothibitishwa. Majaji wakakataa. Wakasema si kweli kwamba njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu ni vyeti na njia pekee ya kuthibitisha kipato ni makaratasi, na kwamba ukishikilia hivyo utawadhulumu Wakenya wengi ambao hata kusoma hawajui, hawaweki rekodi, na bado wanajitafutia riziki kwa njia mbalimbali. Wakakubali alikuwa seremala na alikuwa na kipato. Hebu fikirini, sisi hapa steji nani ana peisilipu? Mama wa samaki ana peisilipu? Fundi wa kupaka rangi je? Kila mara mjane anakuja ananiambia ameambiwa mumewe hakuwa na kazi inayojulikana, na mimi namfungulia hiyo hukumu. Hata hivyo msitegemee mdomo mtupu, rekodi za M-Pesa, kitabu cha chama, mwenyekiti wa steji kuja kusema huyu nilimjua alikuwa akifanya kazi kila siku, vyote vinasaidia, na mahakama ikikosa kabisa mahali pa kushika huwa inaangukia mshahara wa chini wa serikali au inatoa kiasi kimoja cha jumla, na mara nyingi ni kidogo kuliko alichokuwa akileta nyumbani.

Kwa kesi za kifo pia mtaona madai yanakwenda kwa sheria mbili, moja ni ya wale waliomtegemea marehemu, mke, mume, watoto, wazazi, na nyingine ni ya mali ya marehemu mwenyewe, ambayo huwa inabeba maumivu kabla ya kufa na umri uliopotea, na hiyo ya umri uliopotea majaji wengi wamezoea kutoa laki 1. Kuna ile ya Kiarie Shoe Stores ya 2015 inaeleza familia inaweza kudai kwa zote mbili, ila jaji azingatie kwamba pesa zinaenda kwa watu wale wale wasije wakalipwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali, na ikiwa ni kifo miaka 3 tangu mtu kufa, lakini kama aliyekugonga ni gari la serikali una mwaka 1 tu, na wengi wamefungiwa mlango hapo. Bima ya gari kwa mtu wa tatu, yaani ile ya kumlipa aliyeumizwa na gari hilo, imewekewa kikomo cha milioni 3, ukipewa zaidi ya hapo iliyobaki unamfuata mwenye gari mwenyewe. Kama ni dereva au makanga ameumia akiwa kazini na anamdai mwajiri wake, hiyo ni njia nyingine, sheria ya majeraha ya kazini ya 2007, anaanzia kwa mkurugenzi wa majeraha ya kazini na sio kortini, Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo kuwa halali Disemba 2019. Na risiti jamani, risiti. Pesa za matibabu, teksi, magongo, lazima uzitaje kwenye kesi na uzithibitishe, daktari hata akupende vipi bila risiti jaji anakukatia. Ile fidia ya maumivu haina risiti, lakini hizi za mfukoni zinayo.

Mahakama ya Madai Madogo nayo ipo, hata Mombasa, iliwekwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai mpaka milioni 1 na inatakiwa imalize ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Sheria yake inataja wazi fidia ya kuumia mwilini, ila majaji wa Mahakama Kuu wamevutana, kuna waliosema kesi za kuumia ni nzito mno kwa siku 60 na kuna waliosema zinafaa kabisa. Kabla hujapeleka yako huko soma hukumu za karibuni uone upepo uko wapi.

Na mabroka. Mnawajua, wale wanaowakuta wagonjwa wodini hata damu haijakauka, nina wakili mzuri, tia sahihi hapa, yeye atachukua asilimia 30. Sheria ya mawakili Kenya hairuhusu makubaliano ya kulipwa kwa kutegemea kushinda kesi, na sheria yenyewe iko pale pale kwenye tovuti, ifungueni mumuonyeshe. Siwapingi mawakili, kesi kubwa bila wakili utaumia mara ya pili, lakini nenda kwa wakili ukiwa unajua kitu, ukimwambia nimesoma hukumu hizi tatu utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Sasa mapungufu. La kwanza ndilo hilo la lugha, hukumu zote hizi ni Kiingereza, na Kiingereza cha korti ambacho hata mwalimu wa sekondari kinamkunisha kichwa. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, watu wanaogongwa barabarani wanazungumza Kiswahili, mashahidi wanatoa ushahidi kwa Kiswahili, halafu uamuzi kuhusu mguu wako unatoka kwa lugha ambayo huwezi kuisoma. Ninaumia sana na hili. Nimejaribu kutafsiri kwa simu na inakoroga, inaleta maneno ya ajabu, pale inapotakiwa kusema rufaa imekataliwa inasema kitu kingine kabisa. Hata kama hawawezi kutafsiri hukumu nzima, muhtasari wa aya mbili kwa Kiswahili kwa zile kesi zinazotajwa sana ungebadilisha maisha ya watu wengi, na hilo liko ndani ya uwezo wao.

La pili ni kwamba ukitafuta kiholela unazama. Andika neno ajali peke yake kwa Kiingereza unaletewa maelfu, na kati yake kuna kesi za kugombania muda wa rufaa tu ambazo hazina habari ya jeraha. Dawa yake ni kutaja mfupa au sehemu ya mwili iliyoumia kwa jina la daktari, lile lililoko kwenye ripoti yako ya matibabu, halafu uchuje mahakama na mwaka. Epuka za zamani sana kwa ajili ya pesa, jaji atakwambia hiyo ni ya miaka 15 iliyopita. Na angalia umri wa mtu, kama alipona au alibaki na kilema, kama kuna upasuaji mwingine unaokuja, usichukue tu kwamba wote mlivunjika mkono basi mko sawa.

La tatu, hukumu za mahakimu wa chini ambako kesi nyingi za ajali zinaishia ni chache mno pale, unachoona zaidi ni zilizokatiwa rufaa. Kwa hivyo picha unayoipata ni ya zile zilizogombaniwa, na ni lazima uikumbuke hiyo unapopima.

Kwa upande wa kutumia, wameiboresha, inafunguka vizuri kwenye simu, vichujio vinafanya kazi, na kila hukumu mpya ina namba yake, ukiona KEHC ujue Mahakama Kuu, KECA Mahakama ya Rufaa, ukimpa wakili hiyo namba anaipata papo hapo.

Kuna mwanachama ameniuliza jana, katibu mimi nina kabambe tu, simu ndogo isiyo na intaneti, nitaionaje? Nenda saiba yoyote na ripoti yako ya daktari, mwambie akufungulie Kenya Law na akuprintie kurasa za mwisho za hukumu mbili tatu, au njoo Jumapili baada ya mkutano wa chama, mimi na mweka hazina tunabaki pale ofisini mpaka magharibi, njoo na abstrakti, ripoti ya matibabu na risiti zako, na kama kuna karatasi yoyote umeletewa na bima njoo nayo kabla ya kutia sahihi.